Kimya Kingi Kina Mshindo: Njia Tulivu za Baiskeli katika Vilima vya Toscana

Utangulizi

Kimya kingi kina mshindo, walinena wahenga. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na utulivu anaouona kwa nje, kwani huenda nyuma yake pana kishindo kikubwa. Makala haya yanaitumia methali hiyo kufafanua jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, liko mbali na taaluma ya lugha na fasihi: barabara za mashambani katika jimbo la Toscana, katikati ya Italia. Barabara hizo zinasifiwa leo na waendesha baiskeli wa mataifa mengi kwa sababu moja kuu, yaani utulivu wake. Mtu anaweza kuendesha baiskeli saa nzima kati ya mizabibu na mashamba ya ngano bila kupitwa na magari zaidi ya mawili au matatu.

Wageni wengi huuchukulia utulivu huo kuwa zawadi ya maumbile, kama walivyopewa vilima na jua. Makala haya yanashikilia kwamba sivyo. Kimya cha barabara hizo kimetokana na mambo matatu: watu waliohama, magari yaliyoelekezwa kwingine, na uamuzi wa wachache waliokataa lami. Ili kulieleza jambo hili, tutaanza na sura ya nchi yenyewe, kisha tutazame historia ya barabara zake, namna ya kuzitambua njia tulivu, baadhi ya njia hizo, na hatimaye mgogoro uliopo kati ya lami na vumbi.

Sura ya nchi

Toscana ni nchi ya vilima. Milima ya Apenini imeizingira upande wa kaskazini na mashariki, na kusini umesimama Monte Amiata, volkano iliyozimika yenye kimo cha mita 1,738. Kati ya miji ya Firenze na Siena kuna vilima vya Chianti, ambavyo vimefunikwa kwa mizabibu, mizeituni na misitu ya mialoni. Kusini-mashariki mwa Siena kuna eneo liitwalo Crete Senesi, nchi ya udongo wa mfinyanzi yenye miti michache, ambayo huwa kijani wakati wa machipuko, rangi ya dhahabu ngano inapoiva, na kijivu baada ya kulimwa. Kusini zaidi kuna bonde la mto Orcia, Val d'Orcia, lililotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2004.

Katika nchi hii miji ya kale ilijengwa vileleni kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo, msafiri wa baiskeli hana budi kushuka kila anapotoka mjini na kupanda kila anapofika. Mwinuko wa barabara hupimwa kwa asilimia: barabara yenye mwinuko wa asilimia 10 humpandisha mtu mita 10 kwa kila mita 100 anazosonga mbele. Mjini Siena, mtaa wa Santa Caterina unaoingia katikati ya mji hufikia asilimia 16. Baiskeli ya kawaida isiyo na giya haitamfikisha mtu juu akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Barabara zilizofuata nyumba

Swali la kujiuliza ni hili: ikiwa leo barabara hizi hazina watu, zilijengwa kwa ajili ya nani? Jibu lake linapatikana katika mfumo wa ukulima ulioitwa mezzadria, neno linalotokana na neno la Kiitalia lenye maana ya nusu. Chini ya mfumo huo, mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, nayo familia ya mkulima ikatoa nguvu zake. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Mfumo huu ulidumu Toscana kwa karne nyingi, na ndio ulioipa nchi hiyo sura yake.

Familia ya mkulima haikuishi kijijini bali ndani ya shamba ililolima. Nyumba kubwa ya mawe ilijengwa aghalabu juu ya mgongo wa kilima, mbali na udongo uliolowa maji. Kila nyumba ilihitaji njia ya kuifikia: njia ya kupitisha ng'ombe na mkokoteni, njia ya kupeleka zabibu kwa tajiri, njia ya kwenda kanisani na sokoni. Njia hizo zikatandazwa changarawe ya mawe meupe yaliyopatikana papo hapo. Ndiyo maana Waitalia huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea changarawe nyekundu anaweza kuwaza barabara kama zile za kwao, ila vumbi lake hufanana na unga.

Kwa hiyo, mtandao huu mkubwa wa vijia vinavyopindapinda haukuchorwa kwa ajili ya baiskeli wala kwa ajili ya mandhari. Ulikuwa mtandao wa kazi. Mahali ambapo leo msafiri husikia ndege tu, palikuwa na sauti za watoto, majogoo, magurudumu ya mbao na watu waitanao kutoka kilima hadi kilima.

Mwaka wa 1964

Mshindo uliozaa kimya hicho ulitokea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Viwanda vilipanuka, na vijana wa familia za wakulima wakaona kwamba mshahara wa kiwandani ulikuwa bora kuliko nusu ya mavuno. Waliondoka mmoja mmoja, kisha familia kwa familia. Mwaka wa 1964 serikali ya Italia ilipitisha sheria iliyokataza mikataba mipya ya mezzadria. Sheria nyingine ya mwaka wa 1982 iliwezesha mikataba iliyosalia igeuzwe kuwa ya ukodishaji wa kawaida. Kufikia wakati huo nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Mwaka uo huo wa 1964 lilitokea jambo jingine. Barabara kuu iliyopewa jina la Autostrada del Sole, yaani barabara ya jua, ilikamilika kutoka Milano hadi Napoli kupitia Firenze na Roma. Malori na magari ya safari ndefu yakahamia huko. Hivyo basi, katika muda wa kizazi kimoja barabara za vilima zilipoteza wakazi wake na wapita njia wake kwa pamoja. Huo ndio utulivu anaoukuta mwendesha baiskeli wa leo.

Jinsi ya kuzitambua njia tulivu

Si kila barabara ya Toscana ni tulivu. Anayetaka kuchagua njia yake hana budi kwanza kusoma herufi zilizoandikwa kwenye ramani na mabango. SS ni barabara ya kitaifa, SR ni ya jimbo, na SP ni ya mkoa. Chini ya hizo kuna barabara za manispaa na vijia vya mashambani. Kwa ujumla, kadiri daraja la barabara linavyoshuka ndivyo magari yanavyopungua. Mathalani, barabara inayofuata njia ya kale ya Cassia kutoka Siena kuelekea Roma, ina magari mengi. SR222, iliyo maarufu kwa jina la Chiantigiana, inapendeza kwa macho, lakini watalii na waendesha pikipiki nao wanaifahamu vizuri.

Kanuni ya pili ni kuuliza kama barabara inakwenda mahali ambapo gari lingeweza kufika haraka zaidi kwa njia nyingine. Barabara ya mgongo wa kilima inayozunguka kilomita 20 huku bondeni pana barabara iliyonyooka ya kilomita 12 haitapendwa na mwenye haraka. Msafiri wa baiskeli huishi kwa kile ambacho mwenye gari amekikataa.

Kanuni ya tatu inahusu majira. Miezi ya Aprili na Mei, na ile ya Septemba na Oktoba, ndiyo inayofaa zaidi. Julai na Agosti jua huwa kali, na katika Crete Senesi miti ya kujikinga ni haba. Mvua nayo huugeuza udongo wa mfinyanzi kuwa tope linalonata kwenye tairi na breki. Tairi zenye upana wa kutosha, giya nyepesi za kupandia, vifaa vya kuzibia pancha na maji ya ziada si mapambo katika nchi ambamo kijiji kinachofuata huonekana mapema lakini hufikiwa kwa kuchelewa.

Njia tatu za mfano

Njia ya kwanza ni ya Chianti. Huanzia Gaiole, mji mdogo ulio bondeni, na kupanda kwa barabara nyeupe iliyopangwa misaipresi hadi ngome ya Brolio. Kutoka hapo msafiri anaweza kuelekea Siena kwa barabara ndogondogo, au kurudi kupitia Castelnuovo Berardenga na Radda. Ni nchi ya kupanda na kushuka bila kikomo, ingawa kivuli cha misitu hupunguza ukali wa safari.

Njia ya pili ni ya Crete Senesi. SP438, iitwayo Lauretana, hutoka Siena hadi Asciano juu ya migongo ya vilima vilivyo wazi. Ina lami, lakini magari yake si mengi. Karibu na Asciano kuna barabara nyeupe ya Monte Sante Marie, yenye urefu wa kilomita 11 na nusu, ambayo huteremka na kupanda kwa ukali. Mwaka wa 2024 mwanamichezo wa Slovenia, Tadej Pogačar, aliwaacha wenzake hapo katika mashindano ya Strade Bianche, akaendesha peke yake takribani kilomita 81 hadi ushindini Siena. Anayependa mwendo wa taratibu anaweza kwenda kusini hadi Monte Oliveto Maggiore, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka wa 1313, ambayo msitu wake umezungukwa na udongo mtupu.

Njia ya tatu ni ya Val d'Orcia, nayo itawavutia zaidi wapenzi wa fasihi. Msafiri huanzia Pienza, mji ambao Papa Pius wa Pili aliujenga upya kuanzia mwaka wa 1459, akafuata barabara ndogo hadi kijiji cha Monticchiello, kisha akaendelea kuelekea La Foce. Monticchiello ni kijiji kilichoamua kutonyamaza. Tangu mwaka wa 1967 wanakijiji wenyewe hutunga na kuigiza tamthilia uwanjani kila majira ya joto kuhusu maisha yao, na kufa kwa mezzadria kumekuwa miongoni mwa maudhui yao makuu. Mwanafunzi wa fasihi ya Kenya hawezi kukosa kukumbuka Kamĩrĩĩthũ, ambako mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi walisimama jukwaani kuigiza hali yao wenyewe. Tofauti ni kwamba jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa na dola, ilhali la Monticchiello lilibaki, na watazamaji hulifikia kwa barabara ambazo waigizaji wa mwanzo walizifahamu kama njia za kuendea kazi.

La Foce nayo ilikuwa makao ya mwandishi Iris Origo, ambaye pamoja na mumewe Antonio alilinunua shamba hilo katika miaka ya 1920, wakati ardhi yake ilikuwa imechakaa. Walijenga barabara, shule na zahanati. Barabara ya misaipresi inayopanda kwa kona nyingi karibu na hapo hupigwa picha leo na kila mgeni. Shajara yake ya miaka ya 1943 na 1944, iliyochapishwa mwaka wa 1947, inaeleza jinsi barabara za bonde hilo zilivyopitwa na wakimbizi, wanajeshi na wafungwa waliotoroka. Mnamo Juni 1944 yeye mwenyewe aliwaongoza watoto na watu wazima kwa miguu hadi Montepulciano wakati mapigano yalipokuwa yamekaribia.

Katika miaka iyo hiyo, baiskeli yenyewe inasimuliwa kuwa ilitumika kuokoa maisha. Gino Bartali wa Ponte a Ema, karibu na Firenze, mshindi wa Tour de France ya mwaka wa 1938, anatajwa kuwa alisafirisha vitambulisho vya kughushi vilivyofichwa ndani ya fremu ya baiskeli yake, ili Wayahudi waliokuwa wakiwindwa wapate kusalimika. Hakuna aliyeshangaa kumwona akisafiri mbali, kwa kuwa bingwa hana budi kufanya mazoezi. Alishinda Tour tena mwaka wa 1948, na kuhusu safari zile hakuzungumza hadharani hadi alipofariki mwaka wa 2000. Wanahistoria wanajadiliana kuhusu ukubwa wa kazi hiyo, lakini mwaka wa 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimpa heshima ya waliookoa Wayahudi.

Lami au vumbi

Kufikia miaka ya 1990 barabara nyeupe zilikuwa hatarini. Kutia lami kulionekana kuwa maendeleo, na hoja ya wakazi haikuwa ya kupuuzwa. Mgeni hupita, mkazi hukaa. Vumbi linalompendeza mpiga picha ndilo linaloingia jikoni, linalotua juu ya nguo zilizoanikwa na linalofunika zabibu. Mvua huchimba mitaro, nayo changarawe huhitaji kusawazishwa tena na tena. Mzee anayesubiri gari la wagonjwa hana sababu ya kuisifu barabara mbovu.

Mwaka wa 1997 Giancarlo Brocci wa Gaiole alianzisha safari ya baiskeli aliyoiita L'Eroica, yaani ya kishujaa. Washiriki walikuwa 92. Shabaha yake ilikuwa kuzilinda barabara nyeupe kwa kuzipa kazi mpya, kwani kilichosahaulika hakina mtetezi. Masharti yake ni ya namna yake: baiskeli iwe ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980, viwiko vya giya viwe kwenye paipu ya chini ya fremu, na waya za breki zipite nje juu ya usukani. Njia ndefu ya safari hiyo ina kilomita 209, na takribani nusu yake ni changarawe. Baadaye njia hiyo iliwekewa mabango ya kudumu, hivi kwamba yeyote anaweza kuifuata siku yoyote ya mwaka. Mwaka wa 2007 yakazaliwa mashindano ya wanamichezo wa kulipwa ambayo leo huitwa Strade Bianche, na mwaka wa 2015 wanawake wakapata mashindano yao. Barabara zilizokuwa aibu ya mashamba zikawa fahari ya jimbo.

Hata hivyo, ushindi huo una utata wake. Kimya kinapotangazwa huvuta wengi, na wengi hawaji kimya. Aidha, nyumba nyingi za wakulima zimegeuzwa makao ya wageni, hasa baada ya sheria ya mwaka wa 1985 iliyotambua utalii wa mashambani. Wajukuu wa waliozijenga hawana uwezo wa kuzinunua kwa urahisi. Barabara imehifadhiwa, lakini maisha yaliyoizaa hayakurudi.

Ukumbi wa serikali wa zamani mjini Siena una michoro ya ukutani ambayo Ambrogio Lorenzetti aliichora mnamo 1338 na 1339 kuonyesha utawala mwema na utawala mbaya. Katika mashamba ya utawala mwema, barabara inayotoka mjini imejaa watu: matajiri juu ya farasi, wakulima na punda wao, wavunaji kando. Juu yao anaelea malaika wa usalama, ishara kwamba kila mtu atembee bila hofu. Katika mashamba ya utawala mbaya, nyumba zinaungua na hofu ndiyo inayotanda juu ya nchi. Kwa Lorenzetti, basi, barabara njema haikuwa barabara tupu. Ilikuwa barabara ambamo mnyonge na mwenye nguvu walipishana bila mmoja kumwogopa mwingine. Mwendesha baiskeli, ambaye hana bati la kumkinga, anayaelewa maana hayo kuliko msafiri mwingine yeyote.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba njia tulivu za baiskeli za Toscana ni mabaki ya mfumo wa kazi uliokufa, ambao nafasi yake ilichukuliwa na kiwanda na barabara kuu, na kwamba kuendelea kuwapo kwake kumetegemea uamuzi wa watu. Anayezipanda vilima hivyo hafai kuzitazama barabara hizo kama mandhari pekee. Afaa kuzisoma kama asomavyo matini: nyumba iliyofungwa mgongoni mwa kilima ni sentensi, kisima kilichokauka ni sentensi, na safu ya misaipresi iliyopandwa na mikono isiyotajwa majina ni sentensi pia.

Funzo hili linafaa kuzingatiwa kokote ambako barabara ya changarawe inangoja lami. Kabla ya kuamua, inafaa waulizwe wote wanaoitumia: anayekaa kando yake, anayepita kwa gari, na anayepita kwa miguu au kwa baiskeli. Vilima vya Toscana vilinyamaza kwa sababu wakulima wake hawakuulizwa mapema nini kingewafanya wabaki.